Mguu wa Mende Mezani

Mtunza maabara wa shule yetu pale Nguvumali humlaza mende kwenye maji ya barafu mpaka atulie, ndipo humkata mguu mmoja kwa wembe, akisema bismillahi kwa sauti ya chini kana kwamba anachinja kuku. Vidole vyake vinene havitetemeki. Huuchoma mguu ule pini mbili zenye waya, huwasha spika ndogo, kisha hugusa vinyweleo vya mguu huo kwa unyoya wa kuku. Spika hulia kama chumvi iliyomwagwa motoni. "Hizo ni seli za neva," huwaambia wanafunzi. "Zinaongea." Akipitisha umeme kidogo, mguu hujikunja na kunyooka peke yake, na mende mwenyewe, akishapata joto, huzunguka ndani ya kopo kwa miguu mitano.

Jumatatu iliyopita Khairiya wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu yuko hospitali mwezi wa pili huu. Hafumbui macho, lakini nikimgusa unyayo anavuta mguu. Mama anasema anatusikia."

Mtunza maabara aliuweka unyoya mezani. Ghafla spika ikaanza kulia, na hakuna aliyekuwa ameugusa mguu.

"Na huu unatusikia?" Khairiya akauliza.

"Ni pumzi zetu zinazogusa vinyweleo," mtunza maabara alisema, akaizima spika. "Ukienda leo, mwanangu, usianze na unyayo. Mwamkie kwanza."