Kufuli la Kaka

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu mazito, na baridi ya kuingia mifupani.

Asubuhi hiyo Mkurugenzi aliingia chumba cha mitambo na viatu vyake vilivyolowa, akasimama nyuma ya kiti cha Fundi, akatazama kioo cha kompyuta. Ofisi yao iliendesha tovuti ambayo wagonjwa waliitumia kupanga siku ya kumwona daktari. Kila kukicha watu waliingia kwa pamoja, na ukurasa ukawaambia wasubiri kidogo, mpaka wenzake wakampachika Fundi jina la Subiri Kidogo. Alikuwa akicheka nao. Lakini mashine ilikuwa mpya, ya bei mbaya, ina prosesa thelathini na mbili, kila moja ubongo wa kufanya kazi yake, na Mkurugenzi aliona kwamba karibu zote zimelala. Akauliza nani amezizima. Fundi akakiri ni yeye.

"Tumenunua ng'ombe mzima, Fundi," Mkurugenzi alisema, "wewe unakamua chuchu moja."

Jibu la Fundi lilikuwa nyumbani kwa kaka yake, limelala kitandani.

Programu iliyogawa nafasi za wagonjwa iliandikwa na huyo kaka, aliyemtangulia katika ofisi ile na kumfundisha kazi tangu hajui hata kuunganisha waya. Kaka mtu alichukia jambo moja: wagonjwa wawili kupewa nafasi moja. Kwa hiyo aliweka kufuli moja, mistari michache ya programu, kwenye orodha nzima. Ombi la mgonjwa lililoshika kufuli liliandika, mengine yakangoja. Mashine ya zamani ilikuwa na prosesa moja tu, kazi zikienda moja baada ya nyingine hata hivyo, na kufuli halikumchelewesha mtu. Ofisi nzima iliiapia programu ile.

Kwenye mashine mpya, prosesa zote zilikimbilia kufuli lile lile. Moja ikilishika, zilizobaki zilisimama mlangoni zikigonga bila kupumzika, na kule kugonga kukaichosha hata iliyo ndani. Fundi aliligundua hilo mapema. Aligundua pia kwamba akizima prosesa nyingi, tovuti inapata nafuu kidogo. Mwingine yeyote angeling'oa kufuli. Yeye aliona afadhali mashine ilale.

Tangu kiharusi kimwangushe, kaka yake alikuwa mzito wa ulimi, na mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Asingeandika tena. Kila jioni Fundi alipopita kumjulia hali, kabla hajavuta kiti, mgonjwa aliuliza, "Langu lipo?" Naye alijibu kufuli lipo. Shemeji yake alimnong'oneza siku moja jikoni kwamba mumewe hula baada ya jibu hilo, si kabla.

Sasa Mkurugenzi alimpa siku ile ile tu kurekebisha mambo. La sivyo, kazi ingekwenda kwa watu wa nje, nao wangetupa programu yote. Fundi akaketi, akaigawa orodha, kila daktari na kufuli lake dogo, ili mgonjwa wa meno asimngoje wa macho. Kisha akaifuta mistari ya kaka yake mmoja mmoja, ingawa angeweza kuifuta yote mara moja. Alipowasha prosesa zote, kurasa zilifunguka papo hapo. Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akasema jina la Subiri Kidogo limeisha muda wake, watamtafutia jingine. Fundi alikwenda chooni, akafungulia bomba, asisikike.

Jioni alitembea kwa miguu kwenye manyunyu, akijizoeza uongo. Lipo, kaka. Maneno mawili mepesi.

"Langu lipo?"

Fundi akavuta kiti kwanza, na hilo likatosha.

"Umelitoa," kaka yake alisema kwa shida.

"Nimelitoa, kaka. Maombi yote yalikuwa yanalingoja hilo moja."

"Prosesa... ngapi?"

"Thelathini na mbili."

Upande wa uso usiolegea ulijaribu kutabasamu. "Mimi nilikuwa na moja." Kisha akauliza, "Wamegongana?"

"Hawajagongana hata wawili. Kila mgonjwa ana nafasi yake."

"Basi umefanya vizuri, mdogo wangu."

Akageuza uso ukutani. Shemeji alisimama na bakuli la supu mpaka likapoa, akalirudisha jikoni. Fundi alikaa pale akitazama mgongo wa kaka yake.

Kesho yake asubuhi, mvua ikiwa imekatika, alifika tena kabla ya saa za kazi. Akachemsha maji, akamfunga kaka yake taulo shingoni, akamnyoa ndevu taratibu, akianza na upande uliolegea. Kaka mtu alimwachia uso, macho dirishani, wala hakuuliza kitu. Fundi akauosha wembe, akaufuta, akachukua mfuko wake, akaenda kazini.