Kope za Mama na Skafu ya Buluu

Mama yangu, Regina Rwamba, hakunywa pombe maisha yake yote. Naanza na hilo kwa sababu watakaosoma hapa wengine walisikia vingine, na baadhi yao ndio waliosema.

Alizaliwa upande wa chini wa Mbeere, kule mbuzi hugombania kivuli cha ukuta, na huko huko akaolewa, akalima ndengu na wimbi, akatulea sisi watatu na kumzika baba yetu. Mimi ndiye kifungua mimba, Njiru, kwa hiyo watu walimwita Mama Njiru. Alikuwa mtu wa kukucheka ukikosea huku anakumiminia chai. Baada ya Mungu, kitu alichokipenda ni kikundi cha akina mama cha kanisa letu. Mwanamke akikubaliwa humo huvishwa skafu ya buluu mbele ya madhabahu. Siku akifa, wenzake humbeba wao wenyewe hadi kaburini wakiimba, na skafu yake huwekwa juu ya jeneza. Mama aliiosha yake peke yake, hakuichanganya hata na shuka.

Macho yalianza kumsumbua miaka michache iliyopita. Alikuwa akiamka kope zimegandana kwa matongo, kingo zake nyekundu, zimevimba, na kwenye mashina ya nywele za kope kuna magamba madogo kama mba. Yalimwasha na kumchoma kama ameingiwa na mchanga. Jirani mmoja akamwambia atie maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwingine akasema apake wanja. Alijaribu yote, akaambulia chokea, kijipu kwenye kope. Nikamleta Embu, ambako nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, nikampeleka kliniki ya macho. Aliyempima ni bwana mmoja anaitwa Muthamia.

"Mama, unapiga mswaki?"

"Meno yaliyobaki, ndiyo."

"Kila siku?"

"Kwani umesikia nanuka?"

Muthamia akacheka hadi akavua miwani. "Basi, mama, kope nazo ni za kusafishwa kila siku. Huu si ugonjwa wa kupona ukasahau. Ukiacha, unarudi. Lakini hauambukizi mtu, na ukijitunza utakuwa sawa."

Akatuonyesha. Kwanza mikono ioshwe kwa sabuni. Maji yachemshwe, yaachwe yapoe hadi ngozi ya ndani ya mkono iyavumilie. Kitambaa safi kichovywe, kikamuliwe, kilazwe juu ya macho yaliyofumbwa, na kikipoa kichovywe tena, mpaka mafuta na magamba yalainike. Halafu kope zikandwe taratibu kwa kidole, ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Mwisho, tone la shampuu ya watoto katika kikombe cha maji ya vuguvugu, na pamba ya kupitisha kwenye mashina ya nywele za kope, macho yakiwa yamefumbwa, kila jicho na pamba yake. Kisha asuuze. Asubuhi na jioni, na siku yakizidi, hata mchana. Wanja autupe. Akiona maumivu makali, au mwanga unamchoma, au haoni vizuri, arudi upesi.

Mara ya kwanza nilimfanyia mimi, nyumbani kwangu mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu.

"Polepole, Njiru! Mimi si sufuria."

Baada ya majuma machache kope zilitulia. Akarudi kwake na thamosi ndogo ya maji ya moto niliyomnunulia, na pamba, na chupa ya shampuu.

Sasa sikilizeni jinsi watu wa Mungu wanavyoweza kumaliza mtu.

Akina mama walikuwa na mkutano wa siku tatu katika kanisa la jirani. Mama alikuwa jikoni, maana ndiye aliyejulikana kwa kupika. Vumbi na moshi vilimwasha macho, kwa hiyo mchana alichukua thamosi yake, akaenda nyuma ya tangi la maji kujisafisha. Alijificha kwa sababu aliogopa. "Wakiniona na matongo hawatakula chakula changu," aliniambia baadaye. Akatoka huko uso umelowa, macho mekundu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mwenyekiti wao, Karimi, akamwita mbele ya kamati. Mama alinisimulia neno kwa neno, na sikumbuki akinidanganya hata mara moja.

"Mama Njiru, kwenye hiyo thamosi kuna nini?"

"Maji."

"Maji gani ya kunywewa nyuma ya tangi?"

"Si ya kunywa. Ni ya kuosha macho."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Hata mume wangu akitoka kwa pombe ya chang'aa husema alikuwa anaosha macho."

Thamosi ilikuwa mezani, katikati yao. Wanawake kumi na zaidi, wenye pua zao nzima. Hakuna aliyenyoosha mkono kuifungua na kunusa. Walifunga mkutano kwa maombi, wakamvua skafu.

Alirudi nyumbani akaacha kuosha macho. Nilipomuuliza, akajibu, "Nikishika thamosi wanasema nakunywa." Kope zikavimba kuliko mwanzo, na alipoingia kanisani, akakaa kiti cha nyuma, wakanong'onezana kwamba sasa ameshindwa hata kuficha. Kumbe wao ndio waliomfanya aache dawa, halafu ugonjwa wakaufanya ushahidi!

Nikaanza kwenda kila Jumamosi. Nilimkalisha uani, mchana kweupe, mahali ambapo kila anayepita barabarani anaona, nikamwekea kitambaa cha maji ya moto machoni. Wapita njia walisimama. Niliwaeleza wote, hata wasiouliza. Kope zikaanza tena kutulia. Moyo wake haukutulia.

Nilienda kwa Karimi mwenyewe. Nilimkuta anapepeta ndengu, akaniketisha, akanipa uji, adabu zote.

"Mama, ule ulikuwa ugonjwa. Kama huamini nitamleta daktari aliyempima, akueleze hapa hapa."

"Nakuamini, kijana wangu."

"Unaniamini?"

"Watu wamekuona ukimwosha. Tumejua."

"Basi mrudishie skafu. Jumapili, mbele ya watu, kama mlivyomvua."

Akaendelea kupepeta. "Njiru, mambo ya akina mama humalizwa na akina mama. Tangu lini wewe ukavaa skafu? Tukianza kusema tulikosea, kesho kila tuliyemrudi atakuja na thamosi yake. Mwambie mama yako atulie. Tutalimaliza chini kwa chini."

Nilimwachia uji wake. Nikaenda kwa Mchungaji Muchangi wa kanisa letu. Naye akanishika bega, akaniambia tuombe, tungoje. Naamini maombi, nayategemea kila siku. Lakini siku ile nilihisi ametumia maombi kama mtu anayekufungia mlango taratibu ili usisikie kishindo.

Tukangoja. Mwezi wa saba Mama akashikwa na nimonia. Macho hayakumuua, siwezi kudanganya. Lakini wodini, akiwa anavuta pumzi kwa taabu, alichoniuliza si shamba wala mbuzi.

"Karimi amesema nini?"

"Bado, Mama."

"Nisizikwe bila skafu, Njiru. Watu watadhani walisema kweli."

Akafa Jumatano.

Katika maombi ya matanga Mchungaji alinivuta kando ya boma na habari aliyoiona njema. Akina mama wamekubali. Watakuja na sare zao, watambeba, na skafu itawekwa.

"Na watasema nini?" nikauliza.

"Watasema wamemsamehe."

"Wamemsamehe nini?"

Dada yangu akaniambia nimwache mama apumzike, skafu ndiyo aliyoitaka, nisilete vita kwenye mazishi. Nilimjibu kwamba Mama aliitaka skafu ili watu wajue ukweli. Skafu yenye msamaha juu yake ni kumvisha pombe kaburini.

Siku ya mazishi boma lilijaa. Akina mama waliimba vizuri, hilo nawapa. Wakati ulipofika, Karimi akasimama karibu na jeneza, skafu imekunjwa mikononi.

"Sisi kama kikundi tumemsamehe marehemu na kumrudisha—"

"Hapana," nikasema.

Watu wakageuka. Mchungaji akaniita jina langu kwa sauti ya chini. Nikaweka mkono wangu juu ya jeneza.

"Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na hakuna atakayeliinua jeneza hili mpaka usemwe ukweli. Mama Karimi, sikuoni kama adui. Nakuuliza tu. Kwenye ile thamosi kulikuwa na nini?"

Alimtazama Mchungaji. Mchungaji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitazama chini.

"Maji," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kuosha macho."

"Ongeza sauti, wazee wa nyuma hawasikii."

"Ya kuosha macho! Alikuwa mgonjwa wa kope."

"Alikunywa pombe?"

Akaibana skafu kifuani. Sikumhurumia, Mungu ananijua.

"Hakunywa. Regina hakunywa. Tulimkosea."

Nikaondoa mkono. Akaitandaza skafu juu ya jeneza na kunyoosha ncha zake, machozi yakimdondoka, na wenzake wakaja wakambeba Mama yangu hadi kaburini wakiimba wimbo alioupenda. Sikuimba nao.

Watu waliniambia jioni ile kwamba sasa imekwisha, nimshukuru Mungu. Namshukuru. Namshukuru kwamba jina lake limesafishwa mbele ya wote waliolichafua. Lakini najiuliza, na nawauliza na wao wakisoma. Yale maneno Karimi aliyasema yote kabla hata wabebaji hawajachoka kusimama. Hayakumgharimu ng'ombe wala shamba. Angeweza kuyasema Jumapili yoyote, na Mama akiwa pale kiti cha nyuma, kope zake safi, akiyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Wakamsubiri afe kwanza.