Nyoya la Pili la Kulukulu

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tukikaa Voi mimi na mama, nami nilikuwa nikijifunza mambo ya ndege peke yangu kwa kitabu kilichotoka jalada. Kila nyoya nililookota nililibandika kwenye daftari. Likikaa upande kidogo tu, nilirarua ukurasa nikaanza upya.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alilima karibu na msitu wa Mbololo. Jumapili moja alishuka na manyoya mawili mekundu, ameyafunga kwa jani la mgomba. Yalikuwa ya kulukulu, yule ndege wa kijani na buluu anayekimbia juu ya matawi kama kindi, akitafuta matunda. Akitulia, wekundu wake huuoni. Akiruka tu, mabawa yanawaka. Mjomba aliyaokota chini ya mkuyu, akayabeba mkononi njia nzima yasije yakakunjika.

Moja lilikuwa na tone la kinyesi. Sikuweza kulivumilia. Nikalitia kwenye bakuli la maji ya magadi, yale mama anayolainishia maharagwe, nikaenda kuwapikia chai majirani wawili waliotoka kanisani. Niliporudi, maji yalikuwa mekundu na nyoya limechujuka kama leso kuukuu.

Nikalibeba bakuli mpaka mbele yao wote. "Mjomba, umelipaka rangi."

"Mimi? Mpwa wangu, hata mlango wangu sijaupaka."

Jirani mmoja alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kumbe tuna fundi hapa! Njoo basi unipakie nyumba rangi."

Mama aliniambia nimwombe kaka yake radhi. Sikuomba. Mjomba alivaa kofia yake akaondoka, kikombe hajakigusa. Tangu hapo, kila aliposhuka kanisani, watu walimwita Fundi Rangi. Baadaye akaacha kushuka.

Siku ya tatu niliukuta ukurasa niliokuwa nimeuruka: wekundu wa kulukulu una shaba ndani yake, na huyeyuka kwenye maji ya magadi au sabuni, lakini kwa maji matupu hautoki. Niliusoma mara nne. Kisha nikafunga kitabu, nikanyamaza miezi saba. Ningeweza kumsafisha mjomba kwa dakika chache, kwa sababu nyoya la pili lilikuwepo. Lakini lilikuwa safi, halina kasoro hata moja. Naona aibu kuandika kwamba nililipenda kuliko jina la mjomba.

Mwishowe nilimsihi mama amwite. Nikawaita na majirani wale wale, nikawasomea ukurasa ule, nikalitia nyoya la pili kwenye maji matupu, yakabaki meupe, kisha kwenye magadi. Tukangoja. Maji yakaanza kuwa mekundu, na yule aliyecheka akainamia bakuli.

"Rangi ni ya ndege mwenyewe," nilisema. "Mjomba, nimelijua hili miezi saba. Nisamehe."

Mjomba aliliopoa nyoya, akalikung'uta maji taratibu.

"Hili ungeliacha, mpwa wangu," akasema. "Lilikuwa zuri."

Nimelibandika hivyo hivyo, limefifia na limekaa upande. Ukurasa huo sijaurarua.