Mama wa Mwanafunzi Bora

Mtaani walimwita Mama Sindano, maana alishona nguo za watu huku ulimi wake ukiwachoma wenyewe. "Kwa kiuno hiki, shoga, labda nikushonee pazia," angekwambia, nawe ungecheka. Ila akitajwa mwanawe wa pekee, utani uliisha.

Kijana huyo alimpiga mkewe mpaka akamvunja taya. Mahakama ikamwamuru ahudhurie mafunzo ya wanaume wanaopiga wake zao. Watu wakabeza: samaki hukunjwa angali mbichi. Mama akawaambia wafunge midomo. Na kweli, kijana alisoma! Akaacha pombe, akajifunza kutoka nje hasira zikipanda, hadi mwalimu akamtaka awafundishe wanafunzi wapya. Mama akatembea kifua mbele.

Mkewe, aliyekimbilia kwa dada yake pamoja na mtoto wao, akaanza kulegea. "Mama," akamwambia mama mkwe, "mwalimu anamwona darasani tu. Wewe umemzaa. Ukisema nirudi, nitarudi."

Jumamosi kijana alikaa kando ya cherehani, akimsaidia mama kukata nyuzi zinazoning'inia. Simu ikalia. Mkewe aliomba apewe wiki nyingine.

"Nakuelewa, mke wangu," alisema kwa upole. "Una haki ya kuogopa. Chukua muda wako."

Maneno yote ya darasani, kila moja mahali pake. Akakata simu, akaokota mkasi, akaendelea na nyuzi.

"Ngoja arudi kwanza," akasema. "Atanijua mimi ni nani."

Mama alisimamisha mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani. Akamtazama, akitafuta japo chembe ya mzaha. Hakuiona.

"Umesemaje?"

"Si kitu, mama."

Angeweza kujifanya kiziwi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hapa angelia mtoto wa mwenzake, kwa taya lile lile. Kijana alipoondoka, akampigia mkwewe.

"Usirudi, mwanangu."

"Kwani amefanya nini, mama?"

"Hajafanya. Ndiyo maana nakwambia sasa. Akiuliza nani kakukataza, mwambie ni mimi mama yake."

Mkwewe alilia. Mjukuu akaichukua simu.

"Bibi, baba ameshapona hasira? Tunarudi?"

Alimpenda mwanawe, na siku ile alimpenda kuliko siku zote. Hilo ndilo lililomchoma.

"Hajapona, mume wangu," akasema, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. "Usimngoje."