Shangazi na Faili Lililokataa Kunenepa

Shangazi yangu hajakanyaga chuo chochote cha kompyuta. Kabla ya kuwa karani wa masjala hapa zahanati, ambapo mimi ni mpokezi, alifunga marobota ya nguo kwa miaka tisa. Basi habari za ugonjwa wa mfagizi wetu zilipozagaa mtaani, lawama zikamwangukia yeye, kwa kuwa ndiye aliyetunza mafaili. Mfagizi akaacha kumsalimia. Mganga mkuu, tena mbele ya wafanyakazi wote, akampa siku tatu ajieleze au afungashe virago. Mimi nilichemka kwa hasira. Shangazi alikaza macho kwenye kompyuta.

Siku ya tatu akamwita mganga mkuu, fundi wa kompyuta na mtoa dawa. Huyu mtoa dawa haruhusiwi kusoma faili la mgonjwa. Anaongeza maelezo yake tu, au kuyafuta, na kompyuta inamwonyesha faili limekuwa kubwa kiasi gani.

"Fundi, mwanangu," shangazi akasema, "fungua faili la majaribio, andika ugonjwa wowote. Usinionyeshe."

Fundi akaandika huku akijichekea. Shangazi akaketi kwenye kompyuta ya mtoa dawa. Akaongeza "kisukari", faili likanenepa. Akafuta, akaweka "vidonda vya tumbo", likanenepa zaidi. Akafuta tena, akaweka "shinikizo la damu", maneno marefu kweli kweli, na faili likaongezeka kiduchu tu.

"Umeandika shinikizo la damu."

Kicheko kikamkauka fundi. "Umejuaje, mama?"

"Mashine yako inabana maneno iokoe nafasi. Neno likiwemo tayari, hailiandiki upya. Nguo zinazofanana nazo hubanika hivyo hivyo kwenye robota. Mtu akibahatisha neno na kutazama ukubwa, siri anayo."

Wote tukamgeukia mtoa dawa. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema.

Kujaribu! Ningemrukia, wallahi.

Fundi akazima ule ubanaji papo hapo. Mganga mkuu akanong'ona, "Samahani, mama."

"Hapana, daktari. Mlinichafua mbele ya watu, mnisafishe mbele ya watu."

Kesho yake asubuhi, ukumbi umejaa, mganga mkuu akaomba radhi kwa sauti ya kusikika hadi nje. Nikapiga vigelegele bila aibu. Mfagizi akapenya katikati ya watu, akamshika shangazi mikono yote miwili.

"Dada, nilikudhania vibaya."

"Najua," shangazi akasema. "Umeamkaje?"