Mzee Niliyemwachia Folda Zote

Mimi ndiye wa kwanza katika safu yetu ya nyumba kurudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na diploma ya kompyuta. Nilisomea Lilongwe, nikapanga chumba mtaa wa Biwi, nikala nsima, ugali wa huku, bila mboga, na hakuna aliyenibeba.

Kanisa letu lilikuwa na chumba cha kuchapia maelezo ya wanaoomba kuhamishiwa nchi nyingine. Wachapaji wanne walihifadhi faili kwenye seva moja, na kila mmoja aliweza kufungua za mwenzake. Nilikomesha hayo kwa asubuhi moja: niliandika orodha ya waliofungiwa, na aliye humo akiingia, anaona folda yake tu. Ilikuwa kazi safi. Mjane mmoja, mshonaji, alikuwa akisita kusimulia yaliyompata. Nikamwapia kwamba mchapaji wake pekee ndiye atakayeyaona. Akasimulia.

Kisha mzee wa kanisa, aliyenilea tangu wazazi wangu wafe Fizi, Kongo, akaketi kwenye kompyuta, akaingia kwa jina lake na kukuta folda moja tupu.

"Mutoto wangu, mi njo nilikulalisha kwa mukeka wangu. Leo unanifungia mulango?"

"Hapana, papa. Kazi njo inataka vile."

"Nitaombea bantu namna gani kama sijue shida yabo?"

Wachapaji wakacheka. "Diploma imemupanda kwa kichwa," mmoja akasema.

Kwetu mkubwa hafungiwi mlango. Nikalitoa jina lake katika orodha ya waliofungiwa, na folda zote zikamfungukia.

Jumapili mzee alifumba macho akamwombea "mama wa cherehani ya bluu": Mungu amponye kwa waliyomtendea askari njiani, ambariki pia binti aliyetokana na ubaya ule. Aliomba kwa machozi, kwa nia njema kabisa. Binti alikuwa amesimama na kwaya, mstari wa mbele. Maisha yake yote aliambiwa baba yake alikufa kwa malaria Uvira.

Jumatatu nilimrudisha mzee kwenye orodha. Nikajaribu kuingia kwa jina lake: folda moja, tupu. Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja tu, na ulifanya kazi bila kasoro.

Alasiri binti akaja, bado na sketi ya kwaya ya jana.

"Kaka, banasema we njo unafungaka folda. Nifungulie ya mama."

"Ni ya mama yako. Yeye tu."

"Kanisa yote inajua," akasema. "Mi tu njo sijue."

Sikumfungulia. Alikaa mlangoni mpaka nilipozima mashine.