Baba Hakuwa na Namba ya Askari

Mwaka ule Kampuni ya migodi ilipoanza kusimamisha mashine moja baada ya nyingine, watu wa Kolwezi, huku Katanga, walianza kuulizana asili. Zamani asili ilikuwa jambo la harusi na la msibani, kujua nani apikiwe nini na nani aimbe wimbo gani. Sasa likawa swali la mlangoni. Vijana walipita barabarani na matawi ya miti mikononi, wakiimba, na sisi tuliohesabiwa kuwa watu wa Kasai, jimbo la jirani, tukajifunza kufunga madirisha mchana. Walituita bilulu, yaani wadudu. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa Kampuni, nikasoma kambini, nikafundisha darasa la tatu katika shule ile ile niliyosomea. Kasai nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, na nililia kila siku nikitaka turudi nyumbani.

Baba alikuwa amekufa miaka minne kabla ya hayo. Kazi yake kwa Kampuni ilikuwa kutia grisi mashine za kuponda mawe, na hata baada ya kustaafu harufu ya grisi haikumtoka kwenye vidole. Kambini walimwita Kaporali, kwa kuwa alikwenda kwenye ile vita kubwa ya Wazungu akiwa kijana. Sikuwahi kumsikia akijiita hivyo mwenyewe. Siku ya kuwakumbuka askari wa zamani alivaa koti lake, akaenda, akasimama nyuma kabisa karibu na ukuta. Walipowaita wazee wa vita wasogee mbele, yeye alibaki palepale. Nilidhani ni unyenyekevu. Kuhusu vita yenyewe alituambia jambo moja tu: kwamba kulinyesha mno.

Mama ndiye aliyeanza habari ya karatasi. Tulikuwa jikoni, anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi ndani ya kinu.

“Tafuta karatasi ya papa yako,” alisema.

“Karatasi gani, mama?”

“Ya vita. Mutu alipiganaka juu ya hii inchi, bibi yake batamufukuza namna gani? Tutaipigilia ku mulango, kila mutu asome.”

Nilijua haitasaidia. Lakini mama hakuwa amekula vizuri wiki nzima, na siku hiyo, kwa tumaini hilo, alikula. Basi nikatafuta. Nilifungua sanduku la baba la chuma, nikakuta kadi ya ubatizo, kitabu cha kazi cha Kampuni, miwani yenye kioo kimoja, na picha yake amesimama kando ya baiskeli ya mtu mwingine. Cha vita hakikuwemo hata kifungo.

Nikaenda biro ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Karani aliyenipokea alikuwa mzee wa Katanga ya kaskazini, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, na binti yake nilikuwa nimemfundisha kusoma. Alifunga mlango kwanza, kisha akashusha daftari kubwa la askari wa zamani, lililokuwa juu ya kabati. Alifuata majina kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza akarudia tena kutoka mwanzo.

“Namba yake ya askari unaijua?”

“Hapana, tata,” nilisema, kama tunavyowaita baba. “Hakutuambia.”

“Maana kila askari alikuwa na namba. Hata kama jina liliharibika, namba inabaki.” Akalifunga daftari. “Papa yako hayuko humu, mwalimu.”

Nilikasirika. Nikamwambia labda ukurasa wake umechanwa makusudi, kama majina yetu yanavyofutwa kila mahali siku hizi. Hakunijibu kwa hasira. Aligeuza daftari kuelekea kwangu ili niangalie mwenyewe kama kuna ukurasa umechanwa. Haukuwepo. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

“Hata ningemukuta, hiyo karatasi haingezuia kitu. Mufunge bitu, mwende mapema, mbele ya mvua kuanza. Unisamehe.”

Mama nilimwambia kwamba daftari lilikuwa limeliwa na mchwa. Ni uongo niliouona mwepesi kuubeba.

Baada ya siku chache wale vijana walikuja kwetu. Hawakutupiga. Walitupa muda wa kutoa magodoro, mmoja wao akambebea mama kiti mpaka barabarani, na wengine nyuma yake wakawa tayari wanang'oa milango. Tukakaa stesheni wiki tatu tukingoja treni ya kwenda Kasai, chini ya turubai tuliyogawana na familia nyingine mbili. Watoto walipata surua, na kila asubuhi kulikuwa na mahali watu wanalia. Mama alikalia kile kiti kutwa.

Treni ilipokuja tulipanda behewa la mizigo, na ilipofika stesheni ya Tenke ikasimama. Walisema lokomotivu, kichwa cha treni, imechukuliwa kwa kazi nyingine, tungoje. Siku ya pili mama akanishika mkono.

“Hapa Tenke kuko muzee mumoja wa treni. Alikuyaka ku kilio ya papa yako. Ule alikaa na maiti bila kutoka. Alisema bote babili balitokaka vita pamoja. Nenda muangalie.”

Niliogopa kutoka nje ya stesheni. Lakini nilipouliza, mwanamke aliyeuza mahindi ya kuchemsha alinionyesha nyumba nyuma ya tangi la maji bila kuniuliza mimi ni nani. Nilimkuta mzee amekaa kizingitini, anapukuchua mahindi, miguu imevimba. Nikamtajia baba. Alinitazama sana.

“Mama yako iko wapi?”

“Kwenye treni, tata.”

Akasimama, akaingia ndani, akavaa kofia yake ya reli. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, na jirani zake walimwona vizuri sana akipita nami mchana kweupe, amebeba bukari, ugali wetu, na sombe vimefungwa ndani ya kitambaa. Mmoja alimwita kwa kejeli. Hakugeuka. Alimsalimu mama kwa Kiluba, akaketi juu ya reli mbele ya mlango wa behewa letu, akangoja tule kwanza.

Nikamweleza habari ya daftari, na mama akasikia ukweli kuhusu mchwa. Mzee akatikisa kichwa.

“Hawezi kuwa ku daftari. Hakuwake askari. Alikuwa porteur, mubeba mizigo.”

Mama akaweka tonge chini.

“Mi njo nilikuwa askari, na bunduki na namba,” alisema mzee. “Yeye balimukamata ku muji yao, bakamupatia sanduku ya risasi ku kichwa. Tulipanda meli ya mto, tukatembea, tukafika ku milima ya Abisinia. Mvua! Ku daftari banaandika masanduku, moja moja. Mwenye kubeba hapana. Batu balikufa, lakini si na risasi. Tumbo ya damu. Njaa. Basi yeye na benzake bakapewa majembe. Kila asubui banachimba.”

“Papa alizika watu?” niliuliza.

“Sana. Na hakujua kuandika. Basi kila mutu alimuzika, alishika jina yake, na jina ya muji yake, na ya baba yake. Tukitembea anayasema, kama mutu wa rozari. Mi niliona ni kama wazimu. Vita ikaisha, nikamwambia, mi najua kusoma, nitaandika barua tutume. Akakatala. Akasema, habari ya kifo haitumwake na barua, inaenda na miguu.”

Mama aliuliza taratibu: “Akaenda?”

“Akaenda, mama. Aliniambia yeye mwenyewe tulipokutanaka tena. Mwaka muzima. Kamina, Sandoa, kule kote. Anafika ku muji, anatafuta baba ya mutu, anakaa chini, anamwambia. Pengine banamufukuza, banamwita muchawi. Ya mwisho ilikuwa Kolwezi, upande ya Mutoshi. Huyo muzee alipokea habari ya mutoto wake, akalia, kisha akamuuliza, sasa wewe unaenda wapi? Akasema, sijui. Akamupa nyumba ya kulala. Njo yeye alimupeleka ku kazi ya mugodi.”

Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba baba aliletwa Katanga na Kampuni, kama baba za wenzangu, kwa treni na blanketi la bure. Kumbe alifika kwa miguu, amebeba habari ya mtoto wa watu.

“Miaka makumi ine nililala naye,” mama alisema. “Hakuniambia.”

“Alisikia aibu. Batu bakisema Kaporali, angewaambia nini? Kwamba hakushikaka bunduki hata siku moja?”

“Angeniambia mimi,” mama alisema. Akalia kidogo, kilio cha mtu aliyekasirishwa na mume wake, si cha msiba. Kisha akachukua tena tonge.

Niliuliza jina la yule mzee wa Mutoshi. Mzee wa treni alifikiri mpaka tukasikia lokomotivu ikipiga honi kwa mbali. Hakulikumbuka. Alikumbuka tu kwamba mtu huyo alikuwa akifuga nyuki.

Mama aliishi Kasai miaka sita, katika mji ambao watu wake walikifanyia mzaha Kiswahili chetu. Wakimuuliza mume wake alikuwa nani, alijibu, “Porteur,” na wakiuliza zaidi alikuwa na hadithi ndefu. Kila mara aliisimulia vizuri kuliko mimi. Alizikwa huko.

Mimi nilirudi Kolwezi mambo yalipotulia, maana sikujua kuishi penginepo. Shule ilinipokea. Jumamosi moja nikaenda Mutoshi. Wachimbaji walikuwa wamegeuza ardhi yote, mashimo kila upande, na vijiji vya zamani vilikuwa vimesogezwa. Niliuliza Jumamosi tatu mfululizo juu ya mzee aliyefuga nyuki. Mwishowe walinipeleka kwa mama mmoja wa umri wangu, anayeosha mawe ya madini kando ya kijito. Babu yake alifuga nyuki.

“Na alikuwa na mtoto aliyekufa vitani?”

“Alikuwa naye. Tata mukubwa yangu. Sikumuona.”

“Nani alileta habari?”

Alipangusa mikono kwenye kitenge. “Nyanya alisema balikuya babili. Ao mumoja. Mugeni, hakujua luga yetu. Alisema ule mugeni hakukula mpaka baliisha kulia.” Akanitazama. “Juu ya nini unauliza?”

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, miguu yake ndani ya maji. Sina hakika kama ni familia ile. Wafuga nyuki walikuwa wengi, na vita iliua vijana wa nyumba nyingi. Yeye pia hakuwa na hakika, na alisema hivyo. Lakini aliacha mawe yake, akaniambia nisirudi mjini na njaa, na tukapanda mwinuko pamoja mpaka kwake. Njiani aliniuliza jina la baba yangu. Nikamtajia, akalirudia mara mbili ili alishike.